Majibu ya Kulungu wa Mzee Delbert

Kabla ya Idara ya Wanyamapori ya jimbo letu kukatwa bajeti, sisi wa kitengo cha magonjwa tulikuwa tisa. Msimu wa kuwinda ulipoingia tulikuwa tumebaki wawili: mimi, Renae Tollefsrud, na Wade Pickel, ambaye kazi yake halisi ilikuwa kutunza mabwawa ya bata, na ambaye goti lake la kulia lilikwisha siku nyingi. Wenzetu hawakufukuzwa. Idara haifukuzi mtu. Nafasi zao "zilisitishwa", wakakatiwa keki, wakapeana mikono na mkurugenzi, wakaondoka na vikombe vyao vya kahawa.

Kazi yetu ilikuwa kupima kulungu. Kuna ugonjwa uliowaingia kulungu wa kwetu miaka kumi na mitano iliyopita, nasi tunauita ugonjwa wa kukonda. Kulungu anaweza kuonekana mzima kabisa, manyoya yanang'aa, kumbe ubongo unaliwa taratibu. Mwisho anabaki mifupa, mate yanamtoka, anasimama katikati ya barabara kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda. Hauna dawa. Hakuna aliyethibitisha kuwa mtu amewahi kuupata kwa kula nyama, wala hakuna aliyethibitisha kuwa hauwezi kumpata. Kwa hiyo ushauri wetu ulikuwa mmoja tu: mwindaji alete kulungu wake, tumtoe tezi mbili za shingoni, zikapimwe, naye asile nyama mpaka apate majibu. Majibu yalikuwa yakichukua wiki moja.

Sasa kuna watu wanaofuga kulungu kwenye mashamba yenye uzio mrefu, na wageni wenye fedha huja kupiga madume yenye mapembe makubwa humo ndani. Hao hawakupenda kusikia neno ugonjwa. Seneta wa wilaya yetu, Todd Brandvold, akasimama katika bunge la jimbo akasema Idara inawatisha wananchi ili ipate ulaji. Maneno yalikuwa matamu, yakasafiri. Mwezi wa saba maabara yetu ikafungwa. Sampuli zikawa zinapelekwa jimbo jirani, zinapanga foleni nyuma ya sampuli zao. Wiki moja ikawa wiki tano.

Todd Brandvold ni mkwe wa Mzee Delbert Kasper, na huyu Delbert ndiye hasa ninayetaka kumsimulia.

Alikuwa na miaka sabini na minne. Aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na minane, shamba kwa shamba, na alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu. Baba alipougua, Delbert alikuwa anapita kwetu kila alfajiri baada ya kuchukua maziwa, anakaa naye dakika kumi, hasemi kitu, kisha anaondoka. Kila mwaka, tangu tuanze kupima, alileta kulungu wake kwangu. Hakuruka hata mwaka mmoja.

Jumamosi ya kwanza ya msimu tulifungua kituo nyuma ya duka la pembejeo la Kessler. Meza mbili, hema, boksi za barafu, na baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Magari yalikuwa yamepanga mstari hadi barabarani kwa sababu mikono ilikuwa minne tu. Watu walinung'unika. Wengine waligeuza magari wakaenda zao, nikawatazama wakiondoka na vichwa vya kulungu vikining'inia nyuma ya pikapu.

Delbert alifika saa nne. Alishuka na koti lake la rangi ya chungwa, limechakaa hadi limekuwa rangi ya kiazi kitamu.

"Wade," akasema, "wewe bado uko hai?"

"Nusu, mzee. Goti limeshatangulia."

"Liambie linishikie nafasi. Renae, mwanangu, njoo umwone kijana wangu. Mapembe ya ncha nane."

Alikuwa dume zuri kweli. Mnene, shingo pana. Nikamshika taya, nikachana, nikatoa tezi, nikazitia kwenye mfuko, nikaandika namba kwenye kadi. Vidole vilikuwa havina habari na mimi kwa baridi.

"Wiki moja, siyo?" Delbert akauliza.

"Mwaka huu wiki tano, mzee."

Akaacha kukunja kadi. "Tano? Sikukuu ya Shukrani itakuwa imepita. Watoto wote wanakuja."

"Najua. Usimle mpaka nikupigie simu."

"Mbona zamani—"

"Zamani tulikuwa na maabara. Muulize mkwe wako."

Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nimechoka na kulikuwa na magari ishirini nyuma yake. Delbert hakukasirika. Alicheka kidogo, akanipiga begani, akasema, "Mkwe ni mkwe, mwanangu. Ukimpata unamlea tu." Akapanda gari akaondoka.

Wiki iliyofuata niliitwa makao makuu kutoa taarifa mbele ya makamishna wanaoisimamia Idara. Gavana alikuwa ameteua wapya wawili, na mmoja wao alikuwa na shamba la kulungu la eka elfu. Nilipewa dakika tatu. Nikasema tulikusanya sampuli chache kuliko mwaka wowote, na kwamba majibu yanachelewa, na mtu akichelewa kupata majibu atakula.

Kamishna mwenye shamba akavua miwani. "Bi Tollefsrud, watu wangapi wamekufa kwa ugonjwa huu?"

"Hakuna anayejulikana."

"Hakuna. Asante."

Mkurugenzi alikuwa akiangalia makaratasi yake kana kwamba ameyaona leo. Nje, kwenye ukumbi, mkuu wangu wa kanda, Curt Wendorf, alinifuata. Curt si mtu mbaya. Alianza kazi kwa kuhesabu kware nyikani, akapanda ngazi, na kila ngazi ilimwondolea kitu.

"Umefanya vizuri," akasema.

"Curt, wewe ungesimama ukasema neno moja tu."

"Ningesimama, kesho wangeifuta na nafasi yako. Nina watu wachache, Renae. Nawabakiza kwa kunyamaza. Ndiyo kazi yangu siku hizi."

Nikaendesha gari kwa saa tatu na nusu kurudi nyumbani.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili Delbert alipita ofisini akaacha soseji kubwa ya kukaushwa kwa moshi, imefungwa kwa karatasi ya bucha. Sikuwepo, aliipokea Wade. Mchana tuliikata kwa kisu cha mfukoni tukaila ndani ya gari na biskuti za chumvi, tumepaki kando ya mto tukitafuta kulungu mmoja aliyeripotiwa kuwa anazungukazunguka. Ilikuwa tamu, ina pilipili manga na punje nzima za haradali. Nilidhani ni ya kulungu wa mwaka jana. Ukweli ni kwamba sikudhani kitu. Ilikuwa saa nane, sikuwa nimekula tangu asubuhi, na sikuuliza. Mimi, ambaye kwa miaka kumi na mitano kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu waulize.

Majibu yalikuja tarehe kumi na tisa. Nilifungua orodha kwenye kompyuta, nikashuka namba kwa namba. Kwenye namba ya Delbert palikuwa na neno moja: ameambukizwa.

Mambo ya namna hiyo hatuyasemi kwa simu, angalau mimi sisemi. Nikachukua gari. Theluji ilikuwa imeanguka usiku na kila shamba lilikuwa jeupe hadi upeo wa macho. Mama Arlys, mke wa Delbert, alinifungulia, akanikalisha mezani, akamimina kahawa kabla sijavua kofia.

"Sura yako hiyo si ya Krismasi," akasema.

Delbert akatoka sebuleni na soksi miguuni. Akaniangalia, akavuta kiti.

"Sema tu, mwanangu."

"Yule dume alikuwa nao, mzee."

Friji ilinguruma. Arlys aliweka birika chini polepole sana.

"Mmemla?" nikauliza.

"Siku ya Shukrani," Delbert akasema. "Sarara yote. Arlys aliikaanga na vitunguu. Tulikuwa kumi na mmoja hapa. Nilikuwa nimesema tungoje, muulize huyu. Nilimwambia kila mtu, Renae amesema tungoje. Todd akasema, 'Baba, unangoja nini? Hao wanapiga kelele wasifutiwe kazi.' Wakacheka wote. Mimi nami nikacheka." Akasugua uso kwa viganja vyote viwili. "Nyama iliyobaki tukatengeneza soseji. Nimegawa kanisani. Nimempa mchungaji. Nimewapa ninyi."

Ndipo nilipoelewa.

"Ile ya haradali," nikasema.

"Ile ile." Akanitazama. "Nilijua utauliza kabla ya kula. Wewe ndiye mwenye kuuliza."

"Sikuuliza, mzee."

Basi akakasirika, na hasira yake haikwenda kwa mkwe wala kwa gavana. Ilinijia mimi. "Ulikuwa unaniambia wiki moja! Miaka kumi na mitano, wiki moja, nami nakaa kimya nangoja kama mtoto wa shule. Safari hii nimengoja siku kumi na mbili. Siku kumi na mbili, Renae! Mtu atangoja mpaka lini? Wajukuu wangu wamekula. Yule mdogo ana miaka minne, aliomba aongezewe."

"Delbert," Arlys akasema.

"Niache niseme."

Lakini hakusema tena. Niliwaeleza kile tunachojua na kile tusichokijua. Hakuna kipimo cha mtu. Hakuna cha kumeza. Uwezekano ni mdogo sana, hata wataalamu hawajui kama upo kabisa. Niliona maneno yangu yanafika mezani na kubaki pale, hakuna anayeyachukua. Kisha tukashuka chini kwenye friza tukatoa pakiti zilizobaki, tukazitia katika magunia mawili nikazipeleke kwenye dampo lenye shimo lililozibwa lisivuje. Delbert alibeba gunia moja hadi kwenye gari akiwa na ndara kwenye theluji. Alipolirusha ndani alibaki ameshika ubavu wa gari.

"Mchungaji nitampigia mwenyewe," akasema. "Hiyo niachie."

Kesho yake Seneta Brandvold alinipigia. Nilikuwa nimesoma naye sekondari. Alikuwa akipiga trombone vibaya katika bendi ya shule.

"Renae. Wanangu wamekula."

"Najua, Todd. Na mimi nimekula."

Nadhani hakutegemea hilo. "Nifanye nini?"

"Hakuna cha kufanya. Usiile tena nyama isiyopimwa, basi."

"Hakuna daktari wa kumwona? Hakuna chuo, hakuna mtu?"

"Kuna watu walikuwa wanautafiti. Maabara yao mliifunga mwezi wa saba."

"Usinichokoze sasa hivi."

"Sikuchokozi, mheshimiwa. Umeuliza, nimejibu."

Nilimsikia akipumua. Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya kwenye redio. "Ile ramani yenu. Inayoonyesha kulungu mgonjwa alipopatikana. Lazima itaje kata? Unajua watu watajumlisha moja na moja. Baba mkwe ni mtu wa heshima, sitaki asumbuliwe."

"Sheria inasema itaje kata. Hiyo hamjaifuta."

"Bado," akasema, halafu akacheka kicheko kikavu, nami, Mungu anisamehe, nikacheka naye. Tulikuwa watu wawili tuliokula nyama ile ile. Akasema ataangalia la kufanya. Nikakata simu nikiamini, kwa muda wa kama siku tatu, kwamba labda angefanya kitu.

Mwezi wa pili kamati ya bajeti ilikaa kujadili kama maabara irudishwe. Todd ndiye alikuwa mwenyekiti. Wananchi waliruhusiwa kusema dakika mbili kila mmoja, na nilipotazama orodha mlangoni niliona jina la Delbert, kwa herufi kubwa. Alikuwa ameendesha gari mwenyewe kwa saa tatu na nusu. Alivaa koti la kanisani na tai ya kahawia.

"Mama Arlys anajua uko hapa?" nikamuuliza.

"Ndiye aliyenifunga tai. Kaa chini, mwanangu, usinitie wasiwasi."

Walipomwita, alisimama kwenye kipaza sauti akakiinamia mno. Todd akasema, "Karibu, baba," na watu wachache wakacheka kwa upole, maana wengi walijua.

"Mimi sina ugomvi na mwenyekiti," Delbert akaanza. "Anamtunza binti yangu. Amenisaidia kuezeka banda. Sikuja kumwaibisha mtu." Akanyoosha tai. "Nilipiga kulungu. Nikampeleka kupimwa, kama nilivyoelekezwa. Nikaambiwa ningoje. Nikangoja siku kumi na mbili, nikashindwa, nikala, nikalisha na familia yangu. Kulungu alikuwa mgonjwa. Sasa wengine wanasema ni kosa la Idara, wengine wanasema ni kosa la bunge, mke wangu anasema ni kosa langu, na huenda yeye ndiye mkweli. Lakini mimi ni mtu wa maziwa. Miaka thelathini na minane nilichukua maziwa, na kila tangi lilipimwa kabla halijashushwa. Halikupimwa, halishuki. Hakuna aliyesema tunatisha watu. Ilikuwa ni kazi tu, tunaifanya asubuhi, tunakwenda nyumbani. Nilitaka muandike hayo mahali. Basi."

Kengele ilikuwa haijalia. Alikuwa na sekunde arobaini zimebaki, akasimama hapo kama hajui kama anaruhusiwa kuondoka. Todd alikuwa akitazama mikono yake. Kwa kweli nilimhurumia.

"Asante, baba," akasema. "Tumekusikia."

Kura zilikuwa saba kwa tano. Maabara haikurudi. Todd alikuwa mmoja wa wale saba waliokataa, kisha akatoa hoja iundwe tume ya kuchunguza suala hilo kwa miaka miwili, hoja ikapita bila kupingwa. Delbert aliuliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni kungoja tena. Akatikisa kichwa, akafungua tai, akaitia mfukoni. Tulikula supu ya kuku kwenye mgahawa wa ghorofa ya chini, hatukuongea sana. Alisema supu haina chumvi. Kabla ya kuondoka alinishika mkono juu ya meza.

"Siku ile nilikufokea."

"Ulikuwa na haki, mzee."

"Nilikuwa na hasira. Haki ni kitu kingine."

Mwezi wa nne barua ilikuja. Kitengo cha magonjwa kiliunganishwa na ofisi ya mawasiliano, nami nikawa afisa wa habari kwa umma. Wade alistaafu, akafanyiwa upasuaji wa goti, akaniambia ni likizo nzuri kuliko zote alizowahi kupata. Ningeweza kukataa ile kazi. Nilikaa nayo juma zima, nikahesabu miaka mitatu iliyobaki hadi pensheni, nikamfikiria mama yangu aliyeko kwenye nyumba ya wazee, nikasaini. Sisemi hili kwa kujitetea. Ndivyo ilivyokuwa.

Msimu uliofuata hakukuwa na kituo nyuma ya duka la pembejeo. Kulikuwa na sanduku la chuma lililopakwa kijani, na mifuko ya plastiki, na karatasi yenye picha inayoonyesha mtu jinsi ya kutoa tezi mwenyewe. Nilipita pale Jumamosi ya kwanza. Ndani mlikuwa na mifuko mitatu tu ya sampuli.

Mwezi wa kwanza, Curt alileta mezani kwangu taarifa ya kupeleka magazetini ili niisahihishe. Ilikuwa imeandikwa katika ofisi ya gavana. Ilisema kulungu waliokutwa na ugonjwa wa kukonda wamepungua kwa zaidi ya nusu, ushahidi kwamba hatua za serikali zinafanya kazi. Mwishoni palikuwa na nukuu ya Seneta Brandvold akiwapongeza wawindaji.

Niliisoma mara mbili. Kila neno lilikuwa kweli. Nikasahihisha koma moja. Kisha nikaongeza mstari chini kabisa: msimu uliotangulia walipimwa kulungu mia tisa na arobaini, msimu huu, mia moja na tisa.

Curt akausoma akiwa amesimama. Alikuwa amezeeka mwaka ule, chini ya macho palikuwa pameporomoka. Nilingoja aufute.

"Uache," akasema mwishowe. "Hakuna atakayefika mpaka huko chini."

Ulichapishwa Alhamisi. Hakuna gazeti lililouliza, wala redio. Ijumaa mchana simu ililia, alikuwa Delbert.

"Nimesoma kwenye gazeti, dukani kwa Kessler. Huu mstari wa mwisho umeuandika wewe?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo hawajapungua."

"Hatujui, mzee. Hatuangalii."

Nikasikia redio yake nyuma, bei za mahindi. Nilidhani ataanza kufoka tena, na sikuwa na nguvu ya kusikia tena, ingawa ningesikiliza.

"Sawa," akasema. "Arlys anauliza kama Jumapili utakuja kula. Todd na watoto hawaji, wana safari. Ni sisi tu wawili."

"Mnapika nini?"

"Kuku. Wa dukani."

Nikamwambia nitakuja.